Masale ya Uwanjani

Walipoligawa eneo la shule yetu, huko Old Moshi, hawakujenga ukuta wala hawakuzungusha waya. Walipanda masale, ile mimea ya majani marefu. Ukikulia mlimani huhitaji kuelezwa: isale likishapandwa ni mpaka, hata mlevi haling'oi. Vihamba vyetu, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vimetenganishwa kwa masale tangu enzi za mababu. Lakini uwanjani, pale tulipokimbiza mpira wa matambara, nilikuwa sijawahi kuyaona, na asubuhi niliyoyakuta niliyatambua mara moja.

Yalitoka kihambani kwetu. Baba, mjumbe wa kamati ya shule, ndiye aliyeyakata na kuyapanda kwa mkono wake.

Kwenye mkutano wa wazazi walikuwa wamebishana mpaka jua likazama. Shule binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, na baadhi ya wazazi walitaka nusu ya juu, yenye madarasa ya mawe na bomba la maji, iwe shule ya Kiingereza, ya kulipia. Nusu ya chini ibaki ya serikali.

"Na wasioweza kulipa?" mama yangu aliuliza.

"Mama, nyakati zimebadilika," mwenyekiti alimjibu kwa ule upole wa kuudhi. "Wenye uwezo watangulie, wengine watafuata."

"Watafuata wakipitia wapi?"

Watu wakacheka. Ulipofika wakati wa kupiga kura baba alinyoosha mkono kukubali, na mama akautazama mkono ule mpaka uliposhushwa.

Mvua zilikuwa nzuri, masale yakashika upesi. Mwalimu wa hesabu alikuwa wa kwanza kuvuka. Tulimwamkia, naye akaitikia kutoka upande wa pili bila kusimama. Kisha akavuka wa sayansi. Sisi wa darasa la sita tukawa tunakaa asubuhi nzima bila mwalimu, huku wa juu wakihesabu kwa Kiingereza kwa sauti moja. Mpira ukivuka, hakuna aliyeufuata. Hakuna aliyetukataza pia, na hilo ndilo lililonitisha. Nilitaka kwenda sekondari kuliko kitu chochote duniani, na kila mwalimu aliyevuka alikuwa anaondoka nayo. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo.

Nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa. Lakini nilijua kuna kitu kinakuja.

Kilikuja jioni moja nikiwa nakata majani ya ng'ombe. Baba alitokea nyumbani, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu aliyekosa humpelekea jani hilo aliyemkosea, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nilishaona wazee wakipelekeana, hata kwa ugomvi uliomwaga damu. Sikuwahi kuona mzazi akimpelekea mtoto, sembuse binti. Niligeuka kutazama kama mama yuko nyuma yangu. Hakuwapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pokea."

"Umenikosea nini, baba?"

Alinisogezea jani karibu zaidi. Nyuma yake, mlangoni, mdogo wangu wa kiume alikuwa amesimama ndani ya sare mpya ya shule ya juu, akiviangalia viatu vyake.

Niliweka mundu chini, nikalipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa.