Tisa ya Saba

Chekeni tu, lakini mimi ndiye yule mwalimu aliyeacha kofia yake kwa watu huko Gatitu na mpaka leo hajairudia. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nimetoka chuo juzi, kichwa kimejaa, na baba mdogo alikuwa amenipeleka kumposa Muthoni kwa mama yake, mjane aliyejaliwa mabinti watupu. Tukapewa chai, baba mdogo akaongea vizuri, mama karibu akubali. Ningenyamaza basi! Lakini mimi huyo, nikataka ajue mkwe wake amesoma, nikaomba karatasi, nikaandika 1, 4, 2, 8, 5, 7, nikawagawia mabinti wote sita, nikawapanga mstari (Muthoni alishika nane, akinikonyeza niache).

Nambari yenyewe ni 142857. Zidisha kwa tatu, nikawaambia, wa mbele aende nyuma, na jibu ndilo hilo: 428571. Kwa mbili, wa mbele tena aende nyuma: 285714. Kwa sita, kwa nne, kwa tano, hivyo hivyo, haongezeki mtu, hatoki mtu, wanazunguka tu. Mwanzoni walicheka. Halafu ukungu wa mlima ukashuka mpaka dirishani, nyumba ikaingia giza mchana, na wasichana wakaendelea kuzunguka bila mimi kuwaambia, kimya, unasikia miguu tu kwenye sakafu ya udongo.

Badala ya kuacha, nikasema sasa kwa saba, na kwa saba mchezo unavunjika, wote wanageuka tisa. Nikawanyooshea kidole mmoja mmoja kama mbuzi wa sokoni (mimi, mtoto wa Mgikuyu, niliyelelewa nikijua watu hawahesabiwi, lakini ati nimesoma): tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa.

Mama akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, umesema tisa mara saba."

Nikaomba msamaha, nikasema ulimi umeteleza.

"Ulimi si kidole. Umeonyesha pale mlangoni. Nilizaa saba, nikazika mmoja. Huyo umemwona wapi?"

Muthoni hakuwa amewahi kuniambia. Akaanza kulia, na mimi nikainuka vibaya, nikajimwagia chai kwenye suruali (ya baba mdogo, nilikuwa nimeiazima), nikatoka mbio bila kofia. Na nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja tu, ule ule.

Posa ikafia hapo. Mama alisema hampi binti mtu aliyehesabu nyumba yake mpaka akafika kwa marehemu. Muthoni aliolewa Naro Moru, na hilo linaniuma hata sasa.

Tangu siku hiyo sihesabu watu. Darasani niliita majina tu, na ukiniuliza niko na watoto wangapi nitakwambia wanatosha. Mama sikumwambia ukweli, nawaambia nyinyi: haukuwa ulimi. Huyo wa saba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika karatasi kama dada zake, ila yake tupu, anangoja nimwandikie.