Kitabu cha Kukhu Hakizikwi

Nikinusa karafuu, hata ile ya kwenye chai, najiona nimekaa mkekani kwetu Shieywe, nina miaka kumi, nangoja ruhusa ya kufungua karatasi.

Kukhu, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa baba, alikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa mkono, akakitia karafuu wadudu wasikile. Babake, mtu wa Matungu, alikipata kwa wafanyabiashara wa pwani aliowabebea mizigo. Kilieleza safari ya hija ya zama za makafila, misafara ya ngamia: visima vya njiani, milango ya Makka, kaburi la Mtume kule Madina, vyote vimechorwa kwa wino mwekundu na mweusi. Kukhu hakujua kusoma. Alijua michoro tu, jinsi babake alivyomweleza. Kila Mfungo Tatu, mwezi wa hija, wanawake wa mtaa walikuja alasiri, naye akawapeleka karatasi baada ya karatasi. Wakifika kisima cha Zamzam walikunywa maji ya mtungi. Wakifika kilima cha Arafa walilia. Msituone wajinga, tulijua vizuri kwamba hiyo si hija. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyetarajia kuiona Makka kwa macho yake.

Mwaka wa uhuru tuliletewa mwalimu mpya wa chuo cha Kurani, kijana nadhifu, msomi kwelikweli, nami nilikuwa mwanafunzi wake. Baba naye alikuwa amepewa kiti cha Mzungu ofisini, akaanza kuonea haya kila kitu kikuukuu nyumbani. Basi akamleta mwalimu alasiri moja, wanawake wakiwa wameshaketi. Mwalimu alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakibusu, akasoma. Kisha akacheka kidogo, na kicheko kile sijakisamehe mpaka leo.

"Mama," alimwambia Kukhu, "hapa msafiri anaaga Makka. Karatasi inayofuata ndiyo kwanza anavaa ihramu, vazi la kuingilia huko. Mmekuwa mkirudi kabla ya kufika."

Ilikuwa kweli. Babake Kukhu alikishona upya kwa uzi wa katani baada ya mvua kukipata, naye pia hakujua kusoma. Mwalimu akasema kitabu kimechakaa na kinapoteza watu, na maandishi matukufu yakichakaa heshima yake ni kuzikwa. Hiyo ni desturi yetu, hakuitunga yeye. Baba akaitikia upesi, akaahidi kuchimba shimo Ijumaa.

Wanawake walitazama magoti yao. Mimi nilimwonea Kukhu aibu, na leo hiyo ndiyo aibu yangu.

"Mimi sizikangi kitu kinapumua," Kukhu akasema. "Baba alikosea kushona. Tutafumua. Wewe umesoma, mwanangu. Keti utupangie."

"Mama, usibishane na mwalimu," baba akasema.

"Sibishani. Namkaribisha mkekani."

Mwalimu hakuketi. Alisema hiyo ni kazi ya siku nyingi. Kukhu akachukua wembe, akakata uzi, karatasi zikatawanyika mkekani mbele ya macho yake. Kisha akaniambia mimi nisome.

Jamani, nilijua herufi tu, maana sikujua. Lakini chini ya kila karatasi palikuwa na neno dogo limeandikwa kimshazari, peke yake, ambalo sote tulidhani ni pambo. Nililitamka moja, nikalitafuta, nikalikuta ndilo linaloanza karatasi nyingine. Nikashika la pili. Wanawake wasiojua hata alifu wakaanza kunisaidia, wakilinganisha maumbo ya maneno kwa kidole kama watu wanaochambua mchele. Mwalimu, akiwa bado amesimama mlangoni, akasema polepole kwamba waandishi wa kale walifanya hivyo makusudi, ili mpangilio usipotee. Alijua siku zote. Hakuona haja ya kutuambia.

Tulimaliza kabla ya magharibi. Karatasi mbili hazikupata wenzao, tukaziweka nyuma. Baba alikuwa ameondoka zamani.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu, mtoto wa kike aliyemshinda mwalimu. Nilidhani ukaidi ni kushinda. Ilibidi niwe mtu mzima, nikosee mbele za watu na kukimbia mara kadhaa, ndipo nielewe Kukhu alifanya nini. Mwalimu hakushindwa, karibu kila alilosema lilikuwa kweli. Aliyepoteza siku ile alikuwa Kukhu, kwa sababu miaka yote ile aliwafundisha wenzake vibaya. Angekiacha kitabu kizikwe, kosa lake lingezikwa nacho, tena kwa heshima zote, na hakuna ambaye angelitaja tena.

Badala yake alijifunga leso vizuri, akawageukia wanawake.

"Niliwapoteza njia," akasema. "Mimi, si kitabu. Sasa ndiyo tunatoka nyumbani. Anayechoka aseme."

Akafungua karatasi ya kwanza, na hakuna aliyeinuka.