Miaka Ishirini Bila Kushuka Pwani

Mjomba wangu Izak Lealtad alikuja kisiwa cha Curaçao kutoka Hamburg akiwa na miaka kumi na tisa, na sanduku la sindano za kuuza. Nilipofiwa na mama akanichukua, nikakulia kwake Willemstad. Wakati huo alikuwa na merikebu yake ndogo, akipeleka vitambaa pwani ya Coro, ng'ambo ya bahari, na kurudi na kakao na ngozi.

Kwa miaka ishirini aliuza akiwa merikebuni. Sheria ya mfalme wa Hispania ilimkataza Myahudi kukanyaga pwani ile. Bibi Petronila, mwenye mashamba ya kakao, ndiye aliyemfuata kwa mtumbwi kununua.

"Shuka basi, Bwana Izak! Au unaogopa mchanga?"

"Mchanga siuogopi, mama. Namwogopa padri wenu."

"Padri mwenyewe kanzu yake kaishona kwa kitambaa chako!"

Walicheka, lakini mjomba alirudi nyumbani bila kushuka.

Vita vya kumng'oa mfalme vilipoanza ng'ambo, wakimbizi walijaa mjini kwetu. Mmoja, Kapteni Anselmo Quiroz, alikuja dukani kuomba mkopo wa pesos elfu nane, anunue bunduki, unga na viatu vya askari. Mjomba alikwenda kwa wenzake wa sinagogi. Wakamkatalia. Mfalme akirudi, walisema, atatutafuta mmoja mmoja. Basi akaweka rehani nyumba.

Mkewe, Ribka, alikuwa akipepeta mchele.

"Izak, unamkopesha mtu ambaye hata viatu hana?"

"Mwenye viatu angekuja kwangu kufanya nini?"

"Usinichekeshe. Tutalala wapi?"

"Akishinda, sheria ile itafutwa. Kanipa neno lake."

"Neno! Haya, kalipike supu."

Hata hivyo jioni ile alivua vipuli vyake vya dhahabu, akaviweka mezani karibu na sahani ya mjomba.

Safari ya kwanza ya kupeleka bunduki iliharibika. Merikebu ilikamatwa na askari wa mfalme pamoja na mizigo yote, mabaharia wakafungwa mwaka mzima. Mjomba alikwenda mwenyewe kwa wake zao kuwaeleza, na mmoja alimmwagia maji ya samaki. Nyumba ikachukuliwa. Tukahamia mtaa wa Otrobanda, vyumba viwili juu ya tanuri la mkate, joto usiseme. Mjomba akawa dalali wa mizigo ya watu, na kila alichopata, sehemu moja ilivuka kwenda kwa Quiroz. Ribka alijua. Alinung'unika, kisha akapunguza nyama.

Vita vilichukua miaka kumi. Quiroz alirudi mkono mmoja umekatwa, na hazina ya jamhuri ilikuwa tupu.

"Pesa sina, Bwana Izak. Naona haya kukuambia."

"Na sheria?"

"Imefutwa. Sali utakako, jenga utakako."

Mjomba aliomba maji ya kunywa.

Tulivuka mwezi uliofuata. Alipokanyaga nchi kavu alisimama tu, viatu vimelowa, mpaka Ribka akamsukuma kidogo mgongoni. Bibi Petronila, mzee sasa, alitupikia samaki na mayai katika chungu kipya, kisichowahi kupikiwa nguruwe, alichokinunua kwa ajili yetu. Mjomba alikula sahani tatu.

Alifungua duka Coro, akaishi huko miaka saba. Ribka alilalamikia vumbi na mbuzi walioingia jikoni, lakini nilipomwambia turudi kisiwani alinikemea. Mjomba alifariki kwa homa ya mapafu, akazikwa kwa sala zetu, mchana, watu wakiona. Bibi Petronila alisimama kando na rozari yake.

Miaka miwili baadaye hazina ilileta robo ya deni. Ribka aliwatafuta kwanza wale mabaharia wa merikebu iliyokamatwa, akawagawia. Kwa kilichobaki alitengeneza paa la duka.