Sauti ya Mgonjwa Mwenyewe

Dada yangu Kalunde ana ugonjwa wa sukari, lakini aibu ndiyo itakayommaliza. Siku ya kliniki ikikaribia, hali chakula. Muthokoi wa mahindi na maharagwe anapika, anatupakulia sisi, yeye anakunywa maji moto na kutafuna majani ya kunde. Akifika kwa nesi anadungwa kidole, kipimo kinatoka kizuri, anasifiwa. Wenzake ambao sukari imepanda wanafokewa mbele ya foleni nzima kama watoto wa nasari, na Kalunde aliapa hilo halitampata, mtu mzima mwenye wajukuu. Akirudi nyumbani Mitaboni anakula kama kawaida, na kiu inamrudia.

Basi wakaja watu wa utafiti kutafuta wagonjwa wa kukaa nao kwenye kamati, wawaambie matibabu yarekebishwe wapi. Wakamchagua nani? Huyo huyo, kwa vile vipimo vyake vinapendeza. Wakampa kiti cha mbele.

Mimi nilifurahi, jamani. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alikuwa anachambua maharagwe na kuacha mawe, na nyanya anachuma mbichi. Nikamwambia, hawa si manesi, wameuliza wenyewe, waeleze ukweli upelekwe kwa daktari wa macho kabla giza halijaingia kabisa. Akanijibu kwamba hawezi kuwaaibisha watu waliomheshimu. Nilikasirika mpaka nikamwachia sufuria jikoni nikaenda zangu.

Siku ya mkutano nilimsindikiza, maana haoni ngazi vizuri. Madam wa utafiti, mama mpole kweli, aliuliza wagonjwa wanapata shida gani. Kalunde akasema chakula anafuata, dawa anameza, macho hayana neno. Hapo nilishindwa kuvumilia. Nikasimama nikaanza kueleza kwamba huyu anajinyima chakula kabla ya kliniki, na kwamba haoni.

Madam akaniinulia mkono taratibu. "Asante, dada Loise. Lakini miaka mingi watu wamekuwa wakiwasemea wagonjwa. Leo tunataka sauti ya mgonjwa mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Nikakaa chini. Ningefanya nini? Hata mimi ningeyapigia makofi maneno hayo siku nyingine.

Wote wakamgeukia dada yangu. Akaweka leso yake sawa, akatabasamu kuelekea dirishani, ambako hapakuwa na mtu.

"Niko sawa, madam," akasema, na wakaandika.