Eda na Siku za Rufaa

Wakili wangu alitaka tuiandikie mahakama kwamba nilikuwa mgonjwa. "Ugonjwa majaji wanauelewa, Bi," aliniambia kwa simu kutoka Mombasa. Damu ikanichemka. Sikuugua mimi; nilifiwa.

Nilipika katika hoteli moja ya Ras Kitau miaka mingi, hadi waliponifukuza kwa kunisingizia wizi wa zafarani. Nikashtaki, nikashindwa. Tukaamua kukata rufaa, na kabla wakili hajawasilisha chochote, mume wangu akafariki. Nikaingia eda ya mjane, miezi minne na siku kumi.

Mama mkwe aliichukua simu yangu siku ya maziko. "Mwanangu, mwenye eda hatoki nde, wala hanenani na waume wa kando." Wakili naye ni mwanamume wa kando. Alipiga hadi akachoka. Nilipotoka eda, siku za rufaa zilikuwa zimekwisha kitambo, ikabidi tuiombe mahakama itusamehe na kutuongezea muda. Ikikataa, basi mimi ni mwizi mpaka kaburini.

Asubuhi ya kusikilizwa ombi hilo nilifagia ukumbi, nikaufagia tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kesi ilisikilizwa kwa mtandao, simu nimeiegemeza kwenye birika, sauti zinakatika na kurudi. Wakili wa hoteli akasema dini yenyewe humruhusu mwenye eda kutoka kwa dharura, sembuse kumtuma mtu. Maneno yake yalikuwa kweli tupu, na nikamchukia kwayo.

Jaji, mwanamke mwenye sauti ya upole, akaniuliza mwenyewe: "Bi, hukuweza hata kumtuma mtu akampigia wakili wako?"

Wakili wangu akakohoa. Nilijua anataka niseme nilikatazwa.

"Ningeweza, Mheshimiwa," nikasema. "Lakini kesi niliisahau. Hata kula nilikuwa nakumbushwa."

Jaji akasema kwamba kusahau si sababu, ila msiba ni sababu. Muda nimeongezewa, rufaa iwasilishwe.

Wakili wangu alishangilia kama aliyeoa. Mama mkwe akapiga kigelegele kutoka jikoni. Mimi sikuona haya kujiambia ukweli: nusu ya moyo wangu ilitaka nikataliwe. Sasa nitasimama tena mbele ya watu niitwe mwizi. Mara ya kwanza nilivumilia, kwa sababu kila jioni nilirudi kwa mtu aliyeniambia, "Mimi nakuamini." Safari hii nitarudi, nifungue mlango mwenyewe.