Pamba juu ya kibanda cha Yesu

Leo nimenyonyesha mtoto mbele ya kanisa zima, na sijutii.

Acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Mwaka huu mimi ndiye Maria kwenye mchezo wa Krismasi hapa kanisani Dagoretti Corner, kwa sababu nina mtoto wa wiki sita. Mzee wa kanisa, Elifazi, ana kadi aliyopewa na tajiri wake Mzungu. Kwenye kadi, kibanda cha Yesu kimejaa theluji. Basi mzee akaenda mpaka mjini, River Road, kununua pamba, akaibandika juu ya kibanda chetu cha nyasi.

Jua linawaka, sisi jasho linatutoka, na juu yetu theluji!



Kisha akaniambia nimvue mtoto leso, nimlaze kwenye majani makavu akiwa uchi. Eti kwenye kadi ndivyo alivyo.

Nikamlaza. Majani yakamchoma. Akalia mpaka kwaya ikashindwa kuimba.

Basi nikamchukua, nikamfunga leso yake, nikakaa palepale chini ya pamba, nikampa titi.

"Funika hiyo!" mzee akafoka. "Maria hakufanya hivyo!"

Nikamuuliza, watu wote wakisikia: "Kwani Mzee, Yesu alilelewa kwa chai?"

Kina mama wakapiga vigelegele hadi pamba ikaanguka.

Nyinyi mngefanyaje? Niambieni.

Wazee wa kanisa wameniita kesho. Nitaenda. Mtoto nitaenda naye, na atakuwa na njaa.