Fundi Unywele na Mtutu Uliocheza

Jina la Unywele alipewa na wateja waliochoka kumsubiri. Ukimuuliza kazi imefika wapi, anakujibu bila kuinua macho: "Bado unywele." Unarudi jioni, bado unywele. Kuna bwana alileta ekseli ya toroli, akaondoka akisema unywele wenyewe lazima ulitoka kwenye mkia wa farasi.

Karakana yake ni chumba kimoja cha mabati kati ya kinyozi na duka la magodoro. Ndani kunanuka mafuta na chuma kilichopata moto. Katikati imelala mashine ya kukereza, ya kijani iliyochubuka, ndefu kama kitanda. Inashika chuma na kukizungusha, na kisu kinakimenya taratibu mpaka kinapata umbo. Mkewe humuuliza kila asubuhi, "Mke mwenzangu ameamkaje?" Naye humjibu kwamba ameamka anakohoa.

Namwandika mtu huyu kwa sababu nchi imejaa watu wa "bora liende", na wengine tunawaita waheshimiwa. Ukuta umepinda, bora liende. Daraja linatikisika, bora liende. Nimeshachoka kusikia neno hilo likitamkwa kwa tabasamu.

Siku moja aliingia askari wa hifadhi ya wanyama, mwanamke mrefu mwenye buti za vumbi. Wanyama wakali wakivamia mashamba, yeye ndiye hutangulia mbele. Kwa ruhusa ya mkuu wake alikuwa amebeba bunduki iliyofunguliwa, mwili wake mkono huu, mtutu mkono ule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, afande. Umekuja kunikamata?"

"Ningekukamata kwa ekseli za watu. Leo nina shida yangu. Mtutu huu mpya umekatwa hesi na kufungwa juzijuzi kwenye karakana yetu ya hifadhi. Ukiufunga, unacheza. Wananiambia nikaze sana, utashika tu. Hiyo 'utashika tu' haijaniingia akilini."

Fundi aliufunga mtutu kwenye mwili wa bunduki, akautikisa.

"Unacheza kama jino la mtoto."

"Hakuna gundi ya kuujaza?"

"Gundi ni ya viatu, afande. Hapa ndipo risasi inapolipuka, na shavu lako liko hapa hapa. Ukifyatua hii, nyati anaweza akasalimika. Wewe sijui."

Akaufungua, akausogeza kwenye taa aone hesi, ile mifereji midogo inayozunguka kitako cha mtutu ili ujifunge kwenye mwili wa bunduki. Kwa kawaida mfereji ni mmoja, unaozunguka kwa mpangilio. Hapa ilikuwepo miwili, mmoja umeparuza ubavu wa mwenzake, kuta kati yake zimebaki nyembamba kama makali ya wembe. Halafu akaona kitu kingine. Pale hesi zilipoishia, kisu kilikuwa kimetolewa kwa kuzungushwa kidogo, kikaacha alama kama kucha. Ni watu wawili tu wanaotoa kisu hivyo: yeye, na mdogo wa mkewe, ambaye yeye ndiye alimfundisha kazi.

"Nani alizikata?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mafundi wetu ni watatu, na kila mmoja anasema si yeye. Mkuu ameapa akimjua anamfukuza."

"Niachie. Nitakuita ikiwa tayari."

Shemeji yake alikuwa mmoja wa mafundi hao watatu wa hifadhi, bado kwenye majaribio. Baada ya miaka ya vibarua, hiyo ndiyo ajira ya kwanza ambayo angeweza kuoa akiwa nayo. Nyumbani mkewe fundi alisikiliza habari yote, akaacha kukunja nguo.

"Huyo ni mdogo wangu. Zirekebishe kimya kimya, afande achukue bunduki yake, yaishe."

"Na mtutu utakaofuata?"

"Upi?"

"Ule atakaoukata vilevile, kwa sababu hajui alipokosea. Huo hautaletwa kwangu. Atapewa mtu, na mtu ataufyatua."

Mkewe akarudi kukunja nguo. Usiku ule alimpa mgongo.

Jumapili shemeji aliitwa. Aliingia karakanani akichekacheka.

"Shemeji, nimeitwa kula au kusukuma mashine?" Kisha akauona mtutu mezani, na kicheko kikamkauka.

"Nimeona mkono wako," fundi alisema. "Sikugombezi. Washa mashine, nionyeshe ulivyokata. Bila chuma."

Shemeji akawasha. Kisu kikatembea mpaka mwisho. Akaachia mkono wa chuma unaokiburuta, akakirudisha mwanzo, akaushika tena. Achia, rudi, shika. Achia, rudi, shika. Fundi alikuwa akiujua mdundo huo kuliko mapigo ya moyo wake. Ni yeye aliyeufundisha.

"Zima," alisema, akakaa kwenye kopo la rangi. "Skrubu inayokokota kisu kwenye mashine hii ni ya inchi, na ya mashine yenu pia. Hesi za mabomba tunayokata ni za inchi. Ukiachia na kushika tena penye alama, kisu kinaingia njia ile ile. Mtutu huu hesi zake ni za milimita. Alama za inchi hazilingani nazo, hapo ukiachia tu, njia umeipoteza. Unatoa kisu, unaizungusha mashine kinyumenyume mpaka mwanzo, mkono umeshikwa vilevile."

"Hukuwahi kuniambia."

"Sikukuambia. Miaka yote mabomba, mabomba. Haikunijia."

"Basi kosa letu wote."

"La kukata, ndiyo, tugawane. La kusema 'si mimi' ni lako peke yako."

Shemeji aliangalia sakafu iliyojaa vipande vya chuma. "Nikisema, kazi imekwenda."

"Huenda. Na usiposema, afande atakuwa anawashuku watu wawili wasio na hatia."

Shemeji alivua shati, akalitundika msumarini.

Chuma kilichokatwa hakijazwi, kwa hiyo waliondoa sehemu yote iliyoharibika, wakasogeza kuelekea mdomoni bega la mtutu, ule ukingo unaogota kwenye mwili wa bunduki, na shemeji akaanza hesi mpya. Fundi alisimama mikono mgongoni kama mtu aliyekatazwa kushika. Mbele, toa kisu, kinyume mpaka mwanzo, tena mbele. Kazi ilikuwa ya polepole kiasi cha kutia usingizi.

"Imetosha?"

"Bado unywele."

"Shemeji, huo unywele wako una ndevu sasa."

Mwishowe mtutu uliingia kwa vidole tu, laini, ukagota kwenye bega. Fundi aliutikisa. Haukucheza.

Askari alipokuja, shemeji alimwambia mwenyewe, amesimama, mikono ina mafuta. Fundi akaongeza sehemu yake. Askari alimtazama kijana.

"Nilikuuliza ukiwa mbele yangu. Ukasema si wewe."

"Nilisema, afande."

"Mkuu nitamweleza. Siwezi kuficha."

"Najua."

"Kwenye ghala la silaha watatengeneza upya chumba cha risasi, maana mtutu umefupika, kisha bunduki itafyatuliwa kwa kamba, sisi tukiwa mbali. Kamba utaivuta wewe."

Aliivuta. Bunduki ikalia, mtutu ukabaki pale pale. Askari aliukagua kwa muda mrefu, kisha akalaza shavu lake juu ya kitako cha bunduki na kupiga risasi ya pili mwenyewe. Mkuu alifoka sana, akamrudisha shemeji mwanzo wa majaribio, lakini hakumfukuza. Alisema mtu aliyejileta mwenyewe anaweza kuulizwa tena na akaaminika. Mkewe fundi alipopata habari alimpakulia mumewe chakula cha moto, baada ya siku zote zile za viporo.

Mashine ya kule hifadhini sasa ina maneno ya rangi nyekundu: MILIMITA, USIACHIE MKONO. Ya Unywele pia inayo. Aliyaandika mwenyewe, na alipoulizwa mbona herufi zimepinda, alisema bado unywele.